Ukipimwa Kilo, Dai Upimwe na Sukari

Wanachuo wenzangu, kuna sifa moja tunawapa wajawazito bila kufikiri: "Umenenepa, mimba imekukubali!" Kwetu Mikumi hiyo ni salamu kabisa. Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha Kilosa niliisikia sokoni, ofisini kwa walimu, hadi kijiweni kwa bodaboda. Mimi sina ugomvi na mwanamke mnene. Ugomvi wangu ni kwamba sifa hiyo inafunga mazungumzo ambayo ndiyo kwanza yangeanza: sukari yake ikoje, na virusi vikimpata, mwili wake utahimili?

Virusi tunavijua sisi. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa iliingia Morogoro, Kilosa ikiwemo. Mifugo ilitupa mimba, nyama ikakosa wateja, na nchi nzima walifariki watu zaidi ya 140. Machi 2020 ikaja Uviko-19, vyuo vikafungwa hadi Juni 1. Mikumi ipo kwenye barabara kuu ya Iringa hadi Zambia, malori yanalala pale kila siku. Kilosa ina reli ya zamani na sasa SGR. Yaani ugonjwa ukisafiri, sisi tupo njiani.

Kwa nini mjamzito aumie zaidi? Mimba inabadilisha kinga ya mwili ili mtoto asikataliwe. Tumbo linasukuma mapafu juu, huku mahitaji ya oksijeni yakiongezeka. Uzito mkubwa unazidi kubana kifua. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu hazipigani vizuri. Mambo hayo yakikutana kwa mtu mmoja, mafua ya kawaida kwako wewe yanaweza kumlaza yeye wodini. Lilionekana hilo kwenye mlipuko wa homa ya mafua wa mwaka 2009, likaonekana tena kwenye Uviko-19: wajawazito wenye kisukari, presha au uzito uliopitiliza ndio waliozidiwa zaidi.

Uzito uliopitiliza si tusi, ni hesabu. Mwanamke wa sentimita 160 mwenye kilo 77 kabla ya mimba tayari amefika 30 kwenye kipimo cha uwiano wa uzito na urefu, na hapo ndipo wataalamu wanapoanza kusema unene hatarishi. Wangapi tunawajua wenye umbo hilo na tunawaita "wamejaaliwa"?

Dada yangu alianza kliniki mimba ikiwa na miezi minne. Kila alipokwenda walimpima kilo, zikaandikwa kwenye kadi, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemwambia zile namba zina maana gani. Kisukari cha mimba kiligundulika mwezi wa nane, alipolazwa kwa kifua kikali. Alipona, mtoto akazaliwa kwa upasuaji akiwa na kilo 4.3. Tunashukuru Mungu, ila kisukari hicho kwa kawaida hutafutwa kati ya wiki ya 24 na ya 28, na mara nyingi hakina dalili. Ukisubiri dalili, umechelewa.

Najua mtasema zahanati hazina vitendanishi. Kweli, nyingine hazina. Lakini sera ya nchi inasema huduma za mama mjamzito ni bure, na leo hakuna mjamzito anayeshangaa kuambiwa apime VVU na malaria. Tulifikaje hapo? Watu walidai, serikali ikaweka vipimo, ikawa kawaida. Kwa nini sukari isiwe hivyo hivyo? Wengine watasema Kilosa shida ni upungufu wa damu na lishe duni, sio unene. Zote zipo, tena wakati mwingine kwenye nyumba moja. Anayeshindia chipsi na soda kituoni Mikumi anaweza kunenepa na bado akakosa damu.

Sisi wa ualimu jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Tangu Novemba 2021 wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shuleni. Kesho utakuwa na mama darasani, na wazazi wake watakuja kukuuliza wewe kabla ya kumuuliza daktari. Utamwambia nini?

Naomba serikali yetu ya wanafunzi ifanye jambo dogo muhula huu: iwaombe wauguzi wa zahanati ya chuo waje siku moja, watupime uzito, presha na sukari, watueleze na chanjo zipi mjamzito anaruhusiwa. Wavulana pia mje, msikimbie. Mtakuwa waume na baba. Na wewe dada uliye na mimba sasa hivi, kliniki ijayo usiondoke na kilo tu. Muulize muuguzi: "Sukari yangu je?" Akikwambia hakuna kipimo, muulize wapi kipo, na uende.