UJIRANI MWEMA: Harufu ya Choo cha Jirani

Watu wakaapo katika viwanja vidogo, kama ilivyo katika vitongoji vya miji mingi ya Kenya, hewa ya nyumba moja ndiyo hewa ya nyumba ya pili. Mtu hujenga choo chake mbali na dirisha lake, asitambue kwamba amekisogeza karibu na dirisha la mwenziwe. Jioni upepo ugeukapo, bomba la choo huleta harufu mezani pa watu walao, na ugomvi huanza.

Wengi wapatwao na taabu hii hudhani kwamba bomba ndilo adui, na wengine huliziba usiku kwa matambara. Hilo ni kosa kubwa. Choo cha shimo chenye bomba la hewa kilibuniwa mwaka 1973 na Peter Morgan, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, naye alikuwa na makusudi mawili. Kwanza, upepo upitao juu ya mdomo wa bomba huvuta hewa chafu kutoka shimoni, na hewa safi huingia kwa tundu la choo badala yake. Pili, nzi walio shimoni hufuata mwanga ulio juu ya bomba, wakazuiwa na wavu na kufa pale pale. Bomba likizibwa, harufu hurudi ndani ya choo, nao nzi hutokea tunduni wakatua juu ya chakula, pengine cha yule yule aliyeziba. Nzi hao huchukua maradhi ya kuhara, ambayo ni hatari sana kwa watoto wadogo.

Basi dawa si kuliziba bomba, bali ni kulitengeneza. Haya ndiyo yafaayo kutazamwa:

1. Kimo. Mdomo wa bomba uwe juu ya paa kwa sentimita 50 au zaidi, ili upepo uichukue harufu na kuitawanya. Ikiwa nyumba ya jirani iko upande wa juu wa mteremko, na dirisha lake li sawa na mdomo wa bomba, hapana budi bomba lirefushwe zaidi.

2. Upana na unyofu. Bomba la milimita 150 hufanya kazi vizuri. Lenye kupindwa pindwa huzuia hewa.

3. Wavu. Utando wa buibui huziba bomba. Ndoo ya maji ikimiminwa kutoka juu huusafisha. Wavu uliotoboka ubadilishwe.

4. Miti. Matawi yaliyolizunguka bomba huukinga upepo, kwa hiyo yapunguzwe.

5. Majivu. Kopo la majivu ya jikoni likitiwa shimoni mara kwa mara hupunguza harufu na nzi.

Lakini fundi hawezi kuitwa kabla ya wenyeji kusemezana, na hapa ndipo wengi hushindwa. Mtu aliyevumilia miezi sita kimya huenda siku ya hasira akapiga kelele langoni, watoto na wapita njia wakisikia. Aliyeaibishwa hivyo hatarefusha bomba hata kama anazo fedha. Yafaa mtu aende kwa hodi, wakati wa utulivu, aseme: "Mzee, siku hizi upepo unaleta harufu ya choo kwetu. Huenda bomba limeingia utando. Twende tulitazame pamoja." Akijitolea ngazi yake, au sehemu ya gharama ya bomba, atakuwa amenunua amani kwa bei nafuu.

Jirani akikataa kabisa, sheria ipo. Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, inahesabu choo kinachochukiza au kudhuru afya kuwa ni kero. Bwana Afya ana mamlaka ya kumpa mwenye choo ilani ya kuiondoa kero hiyo kwa muda uliowekwa, na asiyetii aweza kushtakiwa mahakamani. Tena Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya.

Hata hivyo, kesi ikiisha watu wale wawili watarudi katika viwanja vile vile, na siku ya moto au ya ugonjwa wa usiku, wa kwanza kuitwa ni jirani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta ulio kati ya majirani ni ghali kuliko bomba lo lote.