Sheria ya wahandisi: geti lipo, njia iko wapi?

Makamanda, kila mwaka Siku ya Wahandisi tunaonyeshwa wahandisi wakila kiapo mbele ya viongozi. Makofi, picha, hongera. Kiapo hakina ubaya. Mimi nawaulizia wale ambao hawafiki kabisa kwenye huo ukumbi.

Sheria ya Usajili wa Wahandisi, Na. 15 ya mwaka 1997, kwa lugha ya mtaani inasema hivi: kama hujasajiliwa na Bodi (ERB), usijiite mhandisi wala usifanye kazi ya uhandisi. Ukimaliza chuo unasajiliwa kama mhandisi mhitimu. Ili uwe mhandisi mtaalamu unatakiwa ufanye kazi chini ya usimamizi wa mhandisi aliyesajiliwa, kwa kawaida miaka 3.

Kuna vijana wetu wanasema ifutwe tu. Hapana. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 Kariakoo tena, zaidi ya 20. Mtu yeyote asitudanganye kwamba kila mwenye koleo ajenge ghorofa. Lakini mara zote mbili sheria hii ilikuwepo! Mhitimu inamkaba mlangoni, mwenye jengo inamkumbuka maiti zikishahesabiwa.

Hii miaka 3 ina historia yake. Ni utaratibu wa Kiingereza, na kule makampuni makubwa yana desturi ya kumchukua kijana, kumlipa na kumfundisha mpaka asajiliwe. Halafu cheki maajabu: Uingereza yenyewe sheria haimkatazi mtu kujiita mhandisi. Kinacholindwa ni cheo cha mhandisi aliyethibitishwa. Sisi tumechukua sharti, tukaliongezea katazo, na makampuni ya kumfundisha kijana tukayasahau. Nchi maskini zina tabia hii ya kuagiza sheria kama mtumba, bila kupima kama inatutosha.

Nilipomaliza chuo nilizunguka na bahasha miezi saba. Kampuni moja ikanipokea: njoo, ila hatukulipi, nauli yako, chakula chako. Nilimudu kwa sababu nilikuwa na mjomba wa kulala kwake. Mwenzangu kutoka Sumbawanga hakuwa na mjomba Dar, akarudi kwao kuuza vipuri vya pikipiki. Darasani alinizidi, tena mbali. Na hata ukipata nafasi, mhandisi anayekusaini daftari akihamishwa mradi, unaanza kumtafuta kama mtu anayekudai.

Upo mpango wa ERB wa mafunzo kwa vitendo, SEAP, tangu 2003. Ni mzuri na nausifu, upinzani si kupinga kila kitu. Ila mpango unaotegemea bajeti hauwezi kumbeba kila mhitimu wa kila chuo.

Sasa angalia fedha zilipo. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, limejengwa na makampuni ya Misri. Reli ya SGR wamepewa Waturuki na Wachina. Wahandisi wageni sheria inawaruhusu usajili wa muda kwa kazi maalumu, sawa, utaalamu tunauhitaji. Lakini hizo ndizo saiti ambazo miaka 3 ya kijana ingepatikana, tena kwenye kazi nzito. Wahitimu wangapi walisainiwa madaftari pale, na walilipwa shilingi ngapi? Serikali ya CCM itutajie namba, maana sifa za miradi imeshatutajia sana.

Tunachodai kinaandikika kwenye ukurasa mmoja. Sheria irekebishwe ili mkataba wowote wa ujenzi unaolipwa kwa kodi au mkopo wa taifa uwe na idadi ya wahitimu watakaopokelewa, posho yao, na majina ya wahandisi watakaowasimamia. Mkandarasi asipotimiza, akatwe kwenye malipo kama anavyokatwa akichelewesha kazi.