Mtoto akizaliwa na bonde kichwani, uchunguzi utangulie lawama

MTOTO anapozaliwa akiwa na bonde kichwani, swali la kwanza huwa moja: nani aliyemwangusha? Mama hushukiwa, mkunga hulaumiwa na wauguzi hunyoshewa kidole hata kabla ya daktari kumpima mtoto.

Hata hivyo, si kila jeraha la aina hii hutokana na kuangushwa. Fuvu la mtoto mchanga ni laini. Likikandamizwa na mifupa ya nyonga ya mama, au na uvimbe ulio katika mfuko wa uzazi, huweza kubonyea mithili ya mpira wa tenisi ya mezani. Hilo hutokea hata pale ambapo hakuna chombo kilichotumiwa. Majeraha mengine husababishwa na koleo au mashine ya kumvuta mtoto.

Kwa wakazi wa Endebess, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, suala hili lina uzito wa pekee. Mama ambaye uchungu wake umekawia huenda akalazimika kukimbizwa Kitale, na kila saa inayopotea njiani humwongezea mtoto hatari.

Ni kweli kwamba uzembe pia upo. Serikali ilifuta ada za kujifungua katika hospitali za umma mnamo Juni 2013. Miezi miwili baadaye, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mjini Bungoma. Machi 2018, Mahakama Kuu iliamua kuwa haki zake zilikiukwa, ikaagiza alipwe fidia ya Sh2.5 milioni. Mtoto anayezaliwa katika hali kama hiyo anaweza kuumia kichwa, na hapo lazima mtu awajibike.

Kinachotenganisha uzembe na ajali ya maumbile ni kumbukumbu. Kichwa cha kila mtoto kikaguliwe kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na lolote litakaloonekana liandikwe, pamoja na muda wa uchungu na vyombo vilivyotumiwa. Aidha, asinyimwe sindano ya vitamini K, ambayo huzuia damu kuvuja, hata ubongoni.

Nao wazazi wasingoje. Mtoto akikataa kunyonya, akipatwa na degedege, akilegea au utosi ukivimba, apelekwe hospitalini mara moja.

Pasipo kumbukumbu, asiye na hatia ataadhibiwa na mzembe ataponea. Atakayeumia zaidi ni yule asiyeweza kujisemea.