Pori la Miombo ni Shule, Lakini Mlango Wake Uko Wapi?

Vijana wenzetu wa Lubumbashi,

Ukisimama asubuhi kwenye mbalabala ya Kasenga, utaona kinga zikiingia mjini na mifuko ya makala iliyopita urefu wa mtu anayezisukuma. Hatuandiki leo kwa kuwatukana wale baba. Wanatafutia batoto chakula, na sisi wenyewe tunanunua makala yao kila umeme unapokatika. Tunaandika juu ya kile kinachoisha nyuma yao.

Mji huu ulianza 1910 katikati ya miombo. Mbao, kuni, makala, uyoga wa wakati wa mvua, viwavi, masuku: vyote vilitoka pale. Mwaka 1956 université ikafungua milango hapa, na katika miaka ya 1970 Profesa François Malaisse na wenzake walifanya pori la Luiswishi kuwa darasa lao. Walipima majani yanayoanguka, walichunguza vichuguu vya mchwa na moto wa kiangazi. Mwaka 1997 Malaisse akatoa kitabu kizima juu ya vyakula vya pori hili. (Bibi zetu walivijua bila diploma, lakini hakuna aliyekuja kuwauliza sisi tukiwa shuleni.)

Masomo bado yamo. Mwezi wa tisa, mbele ya mvua, miti inatoa majani mapya mekundu, na mgeni anafikiri pori linakauka. Mutondo ukikatwa, kisiki kinachipua tena, kama kinaachwa kupumua miaka ya kutosha. Moto wa mapema, majani yakiwa bado mabichi kidogo, unapita mwepesi. Ule wa mwisho wa kiangazi unaua michipukizi. Mtoto akiona hayo kwa macho yake, hasahau. Kwa ubao, anakariri tu jina la kilatini.

Pale Mikembo, kaskazini-mashariki ya mji, watafiti wa UNILU walipima miti mmoja mmoja kwenye hektari 10. Kazi nzuri, tunaisifu. Lakini Mikembo ni ya watu binafsi. Mtoto wa Katuba ao wa Ruashi anahitaji pori la leta, karibu, lenye bei ya mwanafunzi.

Sheria haikosekani. Code forestier ya 2002 inataja misitu ya miji, misitu ya mapumziko na arboreta kati ya misitu inayolindwa, na inataka misitu hiyo ifike angalau asilimia 15 ya inchi. Tulikuwa na wakati wa kuitumia. Badala yake, tuliona mukula ikipakiwa kwenye malori, hata katika teritware ya Kasenga, mpaka CITES ikaweka mti huo kwenye orodha yake mwaka 2019.

Tunaomba serikali ya jimbo ichague pori moja lililobaki karibu na mji, iliwekee mipaka pamoja na wanakijiji wanaoishi pale, si juu ya vichwa vyao, na wachoma makala wapewe kazi ya kulilinda mbele ya wengine. Waongozaji wa wanafunzi hawatakosekana: kati yetu kuna waliomaliza agronomi na biolojia, wako nyumbani wanachaji telefoni kwa jirani.

Barua kwa ministre wa mazingira wa jimbo imeandikwa. Mwenye kutaka kutia sahihi, alete jina lake na la komini yake mbele ya mwisho wa mwezi. Walimu, nyinyi tunawangojea kwanza.