Pikapu Iliyoinama Haiponi kwa Shokapu Ngumu

Imeenea dhana miongoni mwa wenye pikapu, na wauza spea aghalabu hawaikanushi maana inawatolea bidhaa, kwamba gari likianza kuinama nyuma kwa uzito wa shehena dawa yake ni shokapu mpya, tena zilizo ngumu kupita zote dukani. Dhana hii naiona kuwa ndiyo asili ya hasara nyingi. Kazi ya kubeba uzito ni ya springi, na shokapu haikuwekwa ila kuzituliza springi hizo zisirukeruke: ndani yake pistoni huyasukuma mafuta yapite katika vitundu vyembamba, nguvu ya mtikisiko ikageuka joto, na joto hilo likatoka ubavuni mwa bomba likachukuliwa na upepo. Basi mwenye pikapu iliyoinama na azikague springi zake kabla hajatoa fedha.

Nayasema haya kwa kuwa yalinifika. Nilipokuwa nikiteremsha kabichi na nyanya za wakulima kutoka vijiji vilivyo juu ya Lushoto hadi Mombo, muuzaji mmoja alinishauri nifunge shokapu za mizigo mizito, nami nikazifunga pasina kufikiri kwamba kila safari ya kupanda gari lilikuwa tupu. Siku ya kwanza tu, katika barabara ya udongo iliyojikunja kama bati, magurudumu ya nyuma yakawa yanadunda, na penye kona iliyo ukingoni mwa korongo gari likateleza upande hata kijana aliyeketi nyuma akapiga mayowe. Gurudumu lisilogusa ardhi halina breki. Tangu siku hiyo nashikilia kwamba ugumu wa shokapu hupimwa kwa mzigo wa kila siku, wala si kwa ule wa siku moja katika msimu.

Kuhusu namna zake, ziko za bomba moja lenye gesi ya mkandamizo mkubwa, alizobuni Mfaransa Christian Bourcier de Carbon na ambazo Bilstein ilianza kuziundia magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957. Na ziko za mabomba mawili, moja ndani ya jingine. Zile za kwanza hupoa upesi, jambo lenye thamani kubwa katika safari ndefu, walakini jiwe likilibonyeza bomba lake pistoni hukwama, ilhali za pili hustahimili kibonyeo kidogo maadamu pistoni imehifadhiwa katika bomba la ndani. Kwa njia zetu za mawe mimi huchagua za mabomba mawili, zilizotiwa naitrojeni kidogo ili mafuta yasifanye povu, kwani povu halizuii kitu, na ndiyo sababu shokapu dhaifu hulegea kwa mwendo wa muda mrefu kisha ikarejea hali yake ikipoa.

Zinunuliwe mbili kwa ekseli moja, na kama springi zimepandishwa urefu upimwe upya. Fundi naye asizikaze nati za bushi gari likining'inia juu ya jeki, bali alishushe kwanza likae kwa magurudumu yake, maana mpira uliokazwa shokapu ikiwa imenyooka hubaki umesokoteka kila gari liendapo, ukachanika upesi.