Chambo cha manyoya kisizunguke dunia ili kifike kwa jirani

Mfanyabiashara wa Namanga, Busia au Mutukula anaijua mizigo ya mpakani kwa harufu yake: mahindi, maharage, vitunguu, dagaa, mitumba. Lakini ipo bidhaa ya mikono ya Afrika Mashariki ambayo huruka juu ya kichwa chake kwa ndege kwenda Ulaya na Marekani, na mara nyingine hurudi ikiwa mfukoni mwa mtalii, kwa bei ya huko. Bidhaa hiyo ni nyepesi kuliko kiberiti. Ni chambo cha manyoya, kile ambacho wavuvi wa starehe hukiita nzi.

Uvuvi wenyewe ni tofauti na ule tunaouzoea wa mshipi na risasi. Katika mshipi wetu, uzito wa risasi ndio unaoupeleka uzi majini. Katika uvuvi wa nzi, chambo hakina uzito wa maana, kwa hiyo mshipi wenyewe hutengenezwa mzito, na mvuvi huurusha mbele na nyuma kwa fimbo inayopinda hadi chambo kitue juu ya maji kama mdudu wa kweli. Si jambo la jana. Mwandishi wa Kirumi, Aelian, aliyeishi yapata miaka 1,800 iliyopita, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyozungushia ndoano sufu nyekundu na manyoya ya jogoo ili kuwahadaa samaki.

Kazi ya kukisuka chambo hicho haijabadilika sana. Ndoano hubanwa kwenye jiliwa ndogo ya mezani. Fundi huuzungusha uzi mwembamba, hufunga mkia wa nyuzi chache za unyoya, hujaza mwili kwa sufu au waya, kisha huzungusha unyoya wa shingo ya jogoo ili vijinywele vyake visimame kama miguu ya mdudu. Kikizidi unyoya mmoja hakielei sawa, na kikipungua samaki hakitazami. Kila kimoja kinatakiwa kifanane na mwenzake, dazeni baada ya dazeni.

Kenya ni miongoni mwa nchi zinazotegemewa duniani kwa ufundi huu, pamoja na Thailand na Sri Lanka. Kampuni ya Uingereza ya Fulling Mill, kwa mfano, ina kiwanda chake Kenya. Mbali na viwanda, wapo mafundi wa vikundi vidogo na wa majumbani, wengi wao wanawake, ambao hulipwa kwa kuhesabu walichokisuka. Duka la Ulaya au Marekani huuza chambo kimoja kwa takriban dola 2 hadi 3. Kinachomfikia aliyekisuka ni sehemu ndogo ya bei hiyo, kwa sababu kati yake na mvuvi wamesimama mnunuzi, msafirishaji, muuzaji wa jumla na mwenye duka.

Swali letu leo ni hili: je, mvuvi huyo yuko Ulaya tu? Hapana. Yuko hapa pia, na samaki wapo. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta samaki aina ya trauti kutoka Uskoti akawaweka katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Kutoka hapo trauti walienea katika mito ya baridi ya Mlima Kenya na Mlima Elgon, na wengine wakapandikizwa upande wa Tanzania katika mito ya Kilimanjaro. Nao samaki wetu wa asili hawako nyuma. Chini ya maporomoko ya Murchison nchini Uganda, wageni husafiri mbali kumtafuta sangara wa Mto Nile, yule ambaye Mganda humwita mputa na Mjaluo humwita mbuta. Katika mito ya Mnyera na Ruhudji, bonde la Kilombero nchini Tanzania, wavuvi wa nzi kutoka pande zote za dunia huja kupambana na samaki aina ya taiga, ambaye meno yake huonekana hata akiwa amefumba mdomo. Katika bahari ya Watamu na Malindi huvuliwa samaki wenye pezi kubwa kama tanga.

Kwa hiyo ramani iko wazi. Ufundi uko Kenya. Maji na samaki wametapakaa kote. Hata hivyo chambo kilichosukwa Kenya kinaweza kupanda ndege hadi London, kikauzwa, kikafungwa kwenye sanduku la mtalii na kushuka naye Dar es Salaam au Entebbe. Safari ya basi ya siku moja imegeuka safari ya mabara mawili. Faida yote ya njiani imebaki kwa watu ambao hawajawahi kuuona mpaka wetu. Huo si ushirikiano wa kanda.

Mfanyabiashara mdogo anaweza kulifupisha zunguko hilo. Dazeni mia moja za chambo huingia katika begi la mkononi. Hazihitaji lori, hazinyauki kama nyanya wala hazivunji mgongo wa mbebaji. Wanunuzi ni kambi za uvuvi, waongozaji wa wageni, wenye boti na maduka ya vifaa vya michezo. Ila soko hili lina masharti yake. Chambo cha trauti wa mlimani, kidogo kama punje ya mchele, hakimfai taiga, ambaye anahitaji chambo kirefu na waya mbele ya ndoano ili asiukate uzi. Anayetaka kuuza Kilombero aulize kwanza mwongozaji wa Kilombero, kisha apeleke agizo kwa fundi wa Kenya. Biashara ya namna hii hujengwa kwa simu na uaminifu.

Ipo pia biashara ya malighafi. Ndoano nzuri hutoka Norway na Japani, na manyoya ya daraja la juu hutoka kwa majogoo wanaofugwa maalumu Marekani. Lakini si kila chambo kinadai jogoo wa Marekani. Chambo cha kuzama hukubali unyoya laini wa kuku wa kienyeji, na chambo kikubwa cha samaki wala nyama husukwa kwa nywele ndefu za mbuzi. Vitu hivyo hutupwa kila siku katika machinjio ya miji yetu ya mpakani.

Hapa tunatoa onyo. Manyoya na ngozi ni mazao ya mifugo, na kuyavusha kunahitaji kibali cha daktari wa mifugo, hasa kwa hofu ya mafua ya ndege. Ndege wa porini wasiguswe kabisa. Mwaka 2009 fundi mmoja kijana wa chambo aliiba ngozi 299 za ndege adimu katika makumbusho ya Tring, Uingereza, kwa tamaa ya manyoya yao. Tamaa ya namna hiyo ikiingia katika misitu yetu, tutakuwa tumefukuza mgeni na kuua ndege kwa mkupuo mmoja.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa matajiri, na kwamba kumvua samaki kisha kumrudisha majini ni dhihaka mbele ya mwenye njaa. Hoja hiyo tunaiheshimu. Lakini samaki aliyerudishwa huvuliwa tena na mgeni mwingine, ambaye naye hulipia kibali, boti, chakula, malazi na mwongozaji mzaliwa wa pale. Samaki wa sokoni huuzwa mara moja. Na palipo na kipato kutokana na mto safi, wanakijiji wenyewe huwa wa kwanza kumkemea mwenye sumu na nyavu za macho madogo.

Isitoshe, kwa nini ubaki mchezo wa wageni? Mafundi wengi wanaosuka chambo hawajawahi kukirusha majini. Kwingineko duniani watu huketi meza moja jioni, kila mtu na jiliwa yake, wakafundishana na kubadilishana mitindo bila kuulizana kabila wala pasipoti. Vijana wa Nyeri, Moshi na Kapchorwa, wote watoto wa milima yenye mito, wangeweza kufanya hivyo. Watu waliozoeana mtoni huaminiana pia sokoni.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zikitaje bayana chambo kilichosukwa kwa mkono katika orodha za utaratibu rahisi wa biashara, ule unaomruhusu mfanyabiashara mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 kupata cheti cha uasili palepale mpakani. Asiwepo ofisa wa kusema ndoano ni ya Norway kwa hiyo mzigo ni wa kigeni. Thamani ya chambo imo katika mkono wa fundi. Pili, idara za forodha ziwafahamishe maofisa wao kuwa vifaa vya uvuvi wa mshipi vimo katika sura ya 95 ya vitabu vya ushuru, pamoja na vinyago vya watoto na vifaa vya michezo, ili mzigo usikae siku mbili mezani ukitafutiwa jina. Tatu, mafundi wajiunge katika ushirika unaoweza kupokea agizo la jirani na kulitimiza kwa wakati, kwa bei inayojulikana.

Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005 na Soko la Pamoja mwaka 2010. Mara nyingi tumeupima ushirikiano wetu kwa malori ya saruji na mafuta. Tuupime pia kwa kitu kidogo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na nchi moja haiwezi kuwa na fundi, mto, samaki na mnunuzi kwa pamoja. Sisi tunavyo vyote vinne, tukihesabu pamoja na vya jirani.