Kabla Fundi Hajapanda Paa

Fundi aliyekuwa akiezeka madrasa yetu hapa Bagamoyo aliteleza, akavunjika nyonga. Hakuwa na usajili wala bima, nasi wanakamati hatukumuuliza. Mchango wa Ijumaa ulitosha hospitali; wanawe wanne, haukuwafikia.

Bodi ya Usajili wa Makandarasi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Mkandarasi aliyesajiliwa, akiwa mwajiri, huwachangia vibarua wake katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Fundi asiye na cheti aanzie VETA, ambako ujuzi alioupata kazini hupimwa. Anayechelea riba na gharari katika bima, na aulizie takaful.

Paa lingali nusu. Mkandarasi tuliyempata ni ghali zaidi, tumetia saini.